UZI: Draiva yangu haipiti yadi 190, na swingi sibadilishi

#1 MzeeWaTudor

Salaam aleikum, na hamjambo nyote.

Nina miaka 54, nacheza gofu mwaka wa tisa huu, handikepu 19 (mapigo ya ziada ninayoruhusiwa kwa raundi), na goti la kulia ambalo daktari keshaniambia nilihurumie. Natanguliza hayo ili asije mtu hapa akaniambia nitafute mwalimu nianze upya. Swingi hii, yaani ninavyozungusha fimbo, nimeishi nayo na nitazikwa nayo. Ninachotaka ni yadi zaidi kutoka humo humo.

Kisa chenyewe: Jumamosi shemeji yangu kashuka na treni kutoka Nairobi, tukaenda uwanja wa Nyali hapa Mombasa. Huyu bwana kila akipiga simu hunitambia kuwa draiva yake, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, huenda yadi 240. Shimo la kwanza nikapiga mimi. Mpira ukaondoka mwendo wa tuktuk ikipanda daraja la Nyali, ukapinda kulia, ukatua, ukalala. Yeye akapiga, akaniacha yadi thelathini. Ikawa hivyo mashimo kumi na manane. Chakula cha watu wanne nikalipa mimi, na bado nikapewa mawaidha mezani.

Si kwamba fimbo yangu ni kuukuu. Mwaka jana nilinunua draiva mpya. Duka silitaji, na bei pia siitaji kwa kuwa mke wangu anajua kusoma. (Nilipomwambia nataka draiva mpya aliniuliza, kwani huyu anayepeleka watoto shule amekosa nini?) Muuzaji alinipa ya lofti (mwinamo wa uso wa fimbo) ya digrii 9 yenye shafti (mpini) ngumu, akaapa kwamba hiyo ndiyo wanayotumia vijana wote wanaopiga mbali. Haikunipa hata yadi moja.

Nipeni dawa.

#2 Kibao_cha_Mbuzi

Supu ya pweza, mzee. Bakuli mbili kabla ya shimo la kwanza. Yadi zitakuja zenyewe.

#3 Wa_Bara

Tusidanganyane hapa. Umbali ni nguvu. Ingia jimu miezi sita, fanya miguu na mgongo. Halafu huko kwenu hewa ni nzito kwa ule unyevu wa bahari, mpira hauendi. Mimi nikija Pwani huona kama napiga chungwa.

#4 Kedi_wa_Zamani

Shikamoo mzee wangu.

Mimi ni kedi, nimebeba mifuko ya wachezaji miaka 22, mingi yake kwenye ule uwanja wa mashimo tisa wa Mama Ngina ambao upo tangu 1911, pale mpira ukienda kombo unaenda kuwa mali ya bahari. Nimewaona watu wa kila namna. Wenye vifua kama milango ya Mji wa Kale wakapiga 180, na kimzee kimoja chembamba kama ufito kikapiga 220 kila siku, tena kikiongea. Kwa hiyo ndugu yangu wa #3, nguvu ni nzuri, sikatai, lakini mzee hajauliza hiyo. Kauliza cha kufanya na alichonacho.

Swali langu kwako ni moja tu. Mpira wako unagonga wapi kwenye uso wa fimbo?

Najua utasema katikati. Kila mtu husema katikati. Sasa fanya hivi: nunua poda ya mtoto, ile ya kawaida ya dukani. Nenda uwanja wa mazoezi asubuhi kabla jasho halijaanza. Paka poda kidogo kwenye uso wa draiva, isambaze kwa kidole iwe ukungu tu, usiifanye unga wa chapati. Piga mpira mmoja. Angalia. Mpira utaacha duara safi pale ulipogusa. Futa, paka tena, piga wa pili. Kumi zinatosha. Kila moja ichore kwenye karatasi, usitegemee kukumbuka, sababu akili hukumbuka ile moja nzuri na kusahau tisa.

Na uniangalizie: hii ni ya mazoezini pekee. Kwenye mashindano, kupaka kitu chochote usoni mwa fimbo kisha ukapiga nayo ni kufukuzwa mchezoni. Sheria iko wazi.

Ukimaliza rudi hapa na karatasi yako.

#5 Kibao_cha_Mbuzi

Poda ya mtoto! Nepi nayo avae?

#6 Fundi_wa_Mipini

Kedi kasema kweli, niongeze hesabu kidogo kwa wanaopenda hesabu.

Ukiupiga mpira katikati kabisa ya uso wa draiva, unatoka na kasi inayokaribia mara moja na nusu ya kasi ya kichwa cha fimbo. Zaidi ya hapo ni vigumu kupata, kwani sheria zimeweka mpaka wa jinsi uso unavyoruhusiwa kurusha. Sasa chukua mtu anayezungusha fimbo maili 90 kwa saa. Akipiga vizuri anapata mara 1.48, mpira unatoka na kasi ya 133. Akipiga upande wa kisigino, kule karibu na mpini, tuseme anapata mara 1.35. Mpira unatoka na 121 na kitu. Ametumia nguvu ile ile, jasho lile lile. Na kila maili moja ya kasi ya mpira ni kama yadi mbili. Piga hesabu mwenyewe, hapo kuna zaidi ya yadi ishirini zimeachwa chini ya mti.

Ndiyo maana nasikitika nikiona mtu anapigana ili aongeze kasi ya fimbo. Akikaza mwili akapata maili tatu zaidi halafu mpira ukahama kutoka katikati kwa upana wa kidole, karudi nyuma.

Kwa Wa_Bara: umekosea kuhusu unyevu. Hewa yenye mvuke ni nyepesi kidogo kuliko hewa kavu ya joto lile lile, ingawa mwilini tunaihisi nzito. Kinachokusumbua ukishuka ni kimo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ya huko ni nyembamba, mpira huenda mbele kama asilimia sita zaidi. Zile 240 za shemeji, hapa kwetu ni kama 225. Mzee, alilalamika kwamba mipira yake imekufa?

#7 MzeeWaTudor

Alilalamika siku nzima! Alisema mipira niliyomwazima ni feki. Hii post naihifadhi.

#8 BintiFrereTown

Mzee shikamoo. Mimi ni mwanamke, kilo 58, na niko mbele yako kwenye tii nyingi (pale pa kuanzia shimo), usikasirike.

Nilikuwa Vipingo Ridge mwaka 2019 kuangalia yale mashindano ya kina dada wa Ulaya, yale aliyoshinda Mjerumani Esther Henseleit. Nilikaa nyuma ya kamba karibu na tii moja tangu asubuhi hadi makedi wakanizoea. Nilichokiona ni jinsi wanavyousimika mpira juu, na jinsi wanavyoupiga fimbo ikiwa tayari imeanza kupanda. Hawaushindilii kama sisi.

Nikaenda kutafuta takwimu. Kwa vipimo vya TrackMan (rada ya kupimia mapigo) vilivyotangazwa miaka ya nyuma, wachezaji wa LPGA, wanawake wa kulipwa wa Marekani, kwa wastani walizungusha draiva maili 94 kwa saa na mpira ulipaa yadi 218 kabla ya kugusa ardhi. Mwanamume wa kawaida, mcheza wikendi wa handikepu kama 14 au 15, alipimwa maili 93. Karibu sawa kabisa. Lakini mpira wake ulipaa kama yadi 204. Tofauti moja ni pale pale alipopasema Kedi, katikati ya uso. Nyingine ni kwamba fimbo ya akina dada ilikuwa inapanda digrii tatu ikikutana na mpira, na ya mwanamume wetu inashuka digrii moja na nusu hivi. Ukiupiga kwa kushuka, mpira unajizungusha kinyumenyume mno, unapanda, unaning'inia, unaanguka kama embe.

Na hilo hulirekebishi kwa kubadili swingi, unalirekebisha kabla hujaanza. Kwa anayetumia mkono wa kulia: mpira uwe usawa wa kisigino cha mguu wa kushoto, si katikati ya miguu. Tii, kile kijiti cha kuwekea mpira, iinuke mpaka nusu ya mpira ionekane juu ya kichwa cha draiva ukiiweka chini. Kisha bega la kulia lishuke kidogo, kifua kiegemee nyuma kana kwamba unamsikiliza mtu aliye upande wa kulia anayenong'ona. Hapo zungusha vile vile unavyozungusha siku zote. Fimbo itafika chini kabisa kabla ya mpira na itakuwa imeanza kupanda.

Tii ndefu zinaruhusiwa, mwisho inchi 4. Wanaume wengi ninaocheza nao wana tii ndefu mfukoni, na wanazizamisha mpaka shingoni kwa kuogopa kupitisha fimbo chini ya mpira.

#9 Wa_Bara

Mimi huweka chini ili nisiupandishe kwenye upepo. Pwani kuna upepo.

#10 BintiFrereTown

Upepo ndiyo sababu ya kuweka juu, kaka. Mpira unaopigwa kwa kushuka ndio unaojizungusha sana, na upepo wa mbele unaudaka huo huo na kuurudisha. Sasa hivi kusi linavuma, ukiwa unalikabili utaliona: mtu anaona upepo, anakaza, anashindilia, mpira unapanda kama tiara. Kisha akumbuke kuwa upepo wa mbele hunyang'anya zaidi ya ule wa nyuma unavyotoa, kwa hiyo asitarajie kurudishiwa zote shimo linalofuata.

#11 Fundi_wa_Mipini

Hapo pa lofti sasa, mzee, maana umesema digrii 9 nikashika kichwa.

Digrii 9 ni ya mtu anayezungusha kwa kasi kubwa sana. Ukiwa na 85 au 90, mpira unahitaji kusaidiwa kupaa. Mimi ningekupa 10.5 bila kufikiri, na kama unaupiga kwa kushuka, hata 12. Watu huona haya na namba hiyo, wanadhani ni ya wazee. Wewe ni mzee.

Kabla ya kununua, angalia shingo ya draiva yako, pale shafti inapoingia. Nyingi za miaka hii zina skrubu ya kurekebisha. Kama imo, kuna funguo ndogo ilikuja kwenye sanduku, ile uliyoitupa kwenye droo na betri zilizokufa. Unaweza kupandisha digrii moja au moja na nusu bila kutoa senti.

Shafti ngumu mimi singeilaumu ya kwanza. Ningeanza na mpira ugongwe katikati.

Na kitu ambacho hapa Mombasa ndicho kinatumaliza, wala hakuna anayekitaja: gripi, pale pa kushikia fimbo. Niletewe fimbo kumi, saba gripi zake zinang'aa kama sahani. Jasho, chumvi ya hewa, mafuta ya jua, vinakauka pale miaka. Mkono unateleza, mtu anabana. Akibana, misuli ya mikono inakuwa mbao na kifundo hakifunguki. Halafu anasema umri umemfikia. Chukua maji vuguvugu, sabuni ya vyombo, brashi ya kufulia, sugua gripi, suuza, acha zikauke kivulini. Kama bado zinateleza, badilisha. Glovu ziwe mbili, unapokezana, moja ikiwa imening'inizwa nje ya mfuko inakauka. Taulo moja ya fimbo, nyingine ya mikono. Wenzangu wa Nairobi hawalijui tatizo hili, wao wanavaa sweta.

#12 Wa_Bara

Sweta imeingiaje hapa 😂

#13 MzeeWaTudor

Nimerudi. Naomba mnisome taratibu maana nimeaibika.

Nilikwenda leo saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nilikuwa peke yangu na kunguru watatu, mmoja akiwa na hamu kubwa na mipira yangu. Nikapaka poda. Mkono wa kwanza nilimwaga nyingi mno, nikapiga, likatoka wingu kama la mpaka chokaa, na kijana anayeokota mipira akanitazama kwa huruma.

Kumi nilizopiga, nimezichora: saba zote ziko upande wa kisigino, na kati ya hizo tano ziko chini, karibu na ukingo wa chini wa uso. Mbili katikati kwa mbali. Moja ncha kabisa, ule upande wa mbali na mpini, hiyo nilikohoa. Miaka tisa, jamani. Miaka tisa naamini napiga katikati.

Kilichonishtua zaidi ni kwamba mkononi sikuhisi tofauti kubwa. Fimbo za siku hizi zinasamehe mpaka zinaficha.

Kedi, sasa?

#14 Kedi_wa_Zamani

Sasa umeanza kucheza gofu, mzee wangu.

Kisigino na chini, zote mbili, nimeziona mara nyingi kwa watu wa rika lako. Nambie vitu viwili. Ukisimama kabla ya kupiga, unauweka uso wa fimbo mpira ukiwa katikati yake barabara, sio? Na ukimaliza kupiga, uzito wako unakuwa wapi? Unabaki umesimama, au unapiga hatua kuelekea mpira ulipokuwa?

#15 MzeeWaTudor

Katikati barabara, ndiyo. Na hatua… ngoja nikajaribu na fagio.

Napiga hatua. Mke wangu ananiuliza kuna nini.

#16 Kedi_wa_Zamani

Basi dawa yako ni rahisi. Mikono ikiwa imetulia imelegea, lakini fimbo ikishuka kwa kasi inaivuta mikono na kuinyoosha, na wewe juu yake unaanguka mbele kwenye vidole vya miguu. Vyote viwili vinausukuma uso kupita mpira, mpira unakutana na kisigino.

Kwanza, rudi nyuma nusu ya upana wa mpira. Usirudi hatua nzima. Pili, ukisimama, mpira uelekee upande wa ncha ya fimbo, sio katikati. Utaona vibaya, utadhani utaukosa. Hutaukosa. Tatu, kabla hujaanza, inua vidole vyako ndani ya viatu, ukae kwenye sehemu ya kati ya wayo. Ukimaliza kupiga ujiulize kama ungeweza kusimama hapo ukanywa kahawa.

Hiyo ya chini, msikilize dada wa Frere Town. Pandisha tii. Yeye kaieleza kuliko mimi.

Na goti lako, kama linakuzuia kugeuka, acha kisigino cha mguu wa kushoto kiinuke unapopeleka fimbo nyuma. Jack Nicklaus, yule bingwa wa zamani wa Marekani, alikiinua chake na hakuna aliyemcheka. Utapata nafasi ya kugeuza mabega bila kulipindisha goti.

Paka poda tena, piga kumi. Usijaribu kupiga kwa nguvu. Umbali usiuangalie siku hiyo, angalia karatasi tu.

#17 Kibao_cha_Mbuzi

Nimekaa kimya tangu #5 kwa sababu nimejaribu poda na mimi. Sitaki kuzungumza.

#18 BintiFrereTown

Zungumza.

#19 Kibao_cha_Mbuzi

Ncha. Zote kumi ncha.

#20 Kedi_wa_Zamani

Wewe sogea mbele, na uache kuivuta mikono kifuani unapopiga. Wa ncha mara nyingi ni mtu anayeogopa.

#21 Wa_Bara

Naomba nami nikubali kitu. Nimesoma ile ya kimo nikaingia mtandaoni kubishana, nikarudi kimya. Ila jimu bado nasema ina kazi yake.

#22 Fundi_wa_Mipini

Ina kazi yake, hakuna aliyebisha. Mtu anayetaka kutoka 200 kwenda 260 hatafika kwa poda. Ila asianze huko.

#23 MzeeWaTudor

Ripoti ya wiki tatu, kisha nawaacha.

Gripi nimezisugua. Maji yalitoka rangi ya chai ya rangi, nilidhani nimechubua mpira wenyewe. Skrubu ipo, funguo nimeipata kwenye droo, kweli kabisa pamoja na betri. Nimepandisha mpaka 10.5. Shafti ni ile ile ngumu.

Poda: kati ya kumi za juzi, sita zilikuwa ndani ya duara la ukubwa wa kifuniko cha chupa ya soda nililolichora katikati. Tatu bado kisigino. Moja sijui, kunguru alinishughulisha.

Uwanjani jana, Nyali, nilipima kwa hatua mipira mitano iliyokaa kwenye nyasi fupi. Hatua yangu najua ni karibu yadi moja, niliipima kwa futi nyumbani. Mifupi ilikuwa 195, mirefu miwili ilipita 210. Hayo majani bado yana maji ya mvua, mpira haubiringiki sana. Ule mpindo wa kulia uliokuwa ukinipeleka kwenye miti umepungua nusu, sikuutarajia, Fundi ananiambia kisigino ndicho kilikuwa kinaupindisha. Na sijazungusha kwa nguvu zaidi. Nikikumbuka kuzungusha kwa nguvu, alama inarudi kisiginoni pale pale, kama mtoto aliyesikia mlango wa nyumbani.

Shemeji anakuja Desemba, kaskazi litakuwa limeshika. Nimemwambia alete mipira yake mwenyewe asije akasingizia.

Limebaki jambo moja. Mke wangu alikuwa anatafuta taulo yake kwenye mfuko wangu wa gofu, akakuta poda ya mtoto, imetumika nusu. Mtoto wetu wa mwisho ana miaka 16. Nimemwonyesha uzi huu, kasoma mpaka #1 penye bei, akaacha hapo, sasa anauliza ilikuwa shilingi ngapi.

#24 Kibao_cha_Mbuzi

Supu ya pweza, mzee. Mbili, umpelekee na yeye.